Ukaribu si Uzito: Mjadala Kuhusu Migusano ya Asidi Amino

Hoja iliyo mezani ni hii: orodha ya asidi amino zinazogusana ndani ya protini, hata ikitengenezwa kwa uangalifu wa namna gani, haitoshi kutuambia ni mgusano upi wenye kazi. Uzito wa mgusano hujulikana kwa kuuliza kitatokea nini ukiondolewa au ukiongezwa, na kwa kuuliza hivyo katika mazingira ambamo protini inaishi, majirani zake wakiwemo. Wanaoipinga ni watatu. Mkokotoaji, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kusoma maumbo ya protini, anashikilia kwamba umbali peke yake umekwisha kuthibitisha thamani yake. Mkemia anasema umbali ni kipimo duni na kwamba tungeanza na nishati moja kwa moja. Tabibu anauliza mabishano haya yanamfaa nini mtoto mwenye selimundu. Uwanja wa mjadala ni himoglobini, hasa ile ya selimundu, kwa sababu ni protini chache mno ambazo badiliko la asidi amino moja limefuatiliwa hatua kwa hatua namna hiyo, kutoka kwenye atomu hadi kwenye damu ya watu, na sehemu ya ushahidi huo ilikusanywa hapahapa Afrika Mashariki.

Tuanze na kinachopimwa. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo. Asidi amino zilizo mbalimbali katika mnyororo hujikuta bega kwa bega baada ya kukunjwa, na ukaribu huo ndio unaolishikilia umbo. Anayetaka kuzihesabu huchukua faili la umbo kutoka Protein Data Bank, hazina iliyoanzishwa mwaka 1971, akapima umbali wa kila jozi, kisha akaweka kikomo. Katika CASP, mashindano ya kutabiri maumbo ya protini yaliyoanza mwaka 1994, kikomo kilichozoeleka ni angstromu 8 kati ya kaboni za beta, yaani atomu ya kwanza ya tawi la kila asidi amino. Glisini, ambayo haina tawi hilo, hupimwa kwenye kaboni yake ya alfa. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146, kwa hiyo una jozi 10,585 za kupimwa. Jozi zinazokaribiana katika mnyororo wenyewe huwekwa kando, maana hizo hukutana zitake zisitake. Zinazobaki huchorwa kwenye jedwali la mraba: penye nukta pana mgusano, pasipo nukta hapana. Hiyo ndiyo ramani ya migusano, na ndipo ubishi unapoanzia.

Mkokotoaji: "Mwenzangu, unaishusha hadhi ramani iliyofanya kazi kubwa kuliko chombo kingine chochote katika fani hii. Asidi amino moja ikibadilika katika mageuko, inayoigusa mara nyingi hubadilika nayo ili umbo lisiharibike. Linganisha mifuatano ya maelfu ya protini za ukoo mmoja na utaziona jozi zinazobadilika pamoja. Kati ya 2009 na 2011 mbinu mpya za takwimu ziliweza kutenganisha jozi zinazogusana kweli na zile zinazofuatana kwa sababu tu zina jirani mmoja wa kati. Kutokana na mifuatano mitupu, bila fuwele wala eksirei, migusano iliyopatikana ilitosha kukunja protini ndani ya kompyuta. AlphaFold ya 2018 ilitabiri umbali kati ya jozi. Ile ya 2020 ikaacha wengine wote nyuma. Mwaka 2024 Demis Hassabis, John Jumper na David Baker wakatunukiwa Nobeli ya kemia. Kama ukaribu hauna uzito, mafanikio haya yametoka wapi?"

Mafanikio hayo hayapingiki, na hoja yangu haiyahitaji yapingwe. Lakini tazama yalitokana na ushahidi gani. Jozi zinazobadilika pamoja ni kumbukumbu ya majaribio yaliyofanywa na maumbile kwa mamilioni ya miaka: asidi amino moja ilibadilika, mgusano ukalegea, viumbe vingine vikapotea, na vilivyosalia ni vile ambamo asidi amino mwenzake ilibadilika pia. Kwa maneno mengine, nguvu ya mbinu hiyo haikutoka kwenye kikomo cha angstromu 8. Ilitoka kwenye rekodi ya nini kilitokea migusano ilipovurugwa. Kikomo kilikuja baadaye, kama njia ya kusahihisha majibu ya mtihani. Isitoshe, swali lililojibiwa vizuri namna ile ni swali la umbo: mnyororo huu hujikunja vipi? Swali la kazi ni jingine. Anayejua ramani ya migusano anaweza kulijenga upya umbo zima, na bado asijue ni nukta ipi kati ya mamia ikifutwa mtu ataugua.

Himoglobini inalionyesha pengo hilo waziwazi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu hutembea tofauti na ya kawaida katika uga wa umeme, wakaueleza ugonjwa huo kuwa ni ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram huko Cambridge aliibaini tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, nafasi ya 6, asidi glutamiki imeondoka na valini imeingia. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta, jumla asidi amino 574. Mbili tu ndizo zilizobadilika. Nafasi ya 6 ipo juu ya uso wa molekuli, karibu na mwanzo wa mnyororo, mahali penye majirani wachache. Linganisha umbo la himoglobini ya kawaida na la selimundu, molekuli moja kwa moja, na utakuta yanafanana karibu kabisa. Ramani mbili za migusano zikiwekwa juu ya meza, msomaji makini hataona sababu ya kushtuka. Kwa kigezo cha ramani peke yake, badiliko hili halina madhara.

Madhara yapo, ila yamekaa nje ya ramani. Himoglobini inapoachia oksijeni, umbo lake hugeuka, na juu ya mnyororo wa beta hujitokeza kibonyeo kinachokwepa maji, kilichozungukwa na fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88. Valini ya nafasi ya 6, nayo ikiwa inakwepa maji, huingia kwenye kibonyeo cha molekuli ya jirani. Molekuli hiyo hushika nyingine, nayo nyingine, mpaka zinajengeka nyuzi ngumu zenye safu 14 za molekuli zilizopangwa mbili mbili, na chembe nyekundu ya damu hupindwa ikawa kama mundu. Kila molekuli ina valini mbili za namna hiyo, lakini katika jozi ya safu ni moja tu inayozama kwenye kibonyeo cha jirani. Ya pili haishiki kazi hiyo. Asidi amino ni ileile, nafasi ni ileile, molekuli ni ileile, na bado mmoja wa migusano ndio unaobeba ugonjwa na mwingine hata haupo. Hakuna jedwali la molekuli moja linaloweza kuonyesha tofauti hiyo.

Hapa pana jambo ambalo Mkokotoaji analijua vizuri. Umbo linapopatikana kwa eksirei, molekuli huwa zimepangwa katika fuwele, na ndani ya fuwele hugusana mahali ambapo katika mwili hazigusani kamwe. Ndiyo maana wachambuzi wengi huanza kwa kuitupa migusano ya fuwele kama takataka za maabara. Mwaka 1975 Wishner, Love na wenzao walipochapisha umbo la himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, molekuli zilionekana zimepangwa katika jozi za safu, na jozi hizo ndizo zilizokuja kutambuliwa kuwa msingi wa nyuzi zinazojengeka ndani ya chembe za wagonjwa. Kanuni ya kutupa migusano ya fuwele, ambayo kwa protini nyingi ni ya busara, hapa ingetupa ugonjwa wenyewe. Kilichookoa ushahidi huo hakikuwa kipimo bora cha umbali. Ni swali lililotangulia kipimo: molekuli hii inamgusa nani inapofanya ubaya wake?

Mkemia: "Mkokotoaji umemjibu, lakini umenizunguka mimi. Umbali wenyewe ni ovyo. Arginini ina tawi refu. Arginini na asidi glutamiki zinaweza kushikana mikono kwenye ncha, chaji chanya kwa chaji hasi, huku kaboni zao za beta zikiwa nje ya kikomo chako. Na asidi amino mbili zenye kaboni za beta zilizo ndani ya kikomo zinaweza kuwa zimepeana mgongo, matawi yakielekea pande tofauti. Jozi moja ina angstromu 7.9, nyingine 8.1, ya kwanza inaitwa mgusano, ya pili si kitu, ilhali atomu hazitulii mahali pamoja kwa kiasi hicho. Tupa umbali. Kokotoa nishati ya kila mgusano, panga kuanzia mkubwa hadi mdogo, na mjadala umekwisha."

Katika sehemu ya kwanza Mkemia amesema kweli tupu. Ndiyo maana wachambuzi waangalifu hawatumii kikomo kimoja kwa kila kitu: bondi ya haidrojeni hutafutwa karibu na angstromu 3 kati ya atomu mbili nzito, daraja la chumvi ndani ya angstromu 4, na bondi ya salfa mbili za sisteini karibu na angstromu 2. Wapangaji wawili wanaweza kugawana ukuta mmoja miaka kumi bila kujuana, na wengine wakaitana kutoka ncha mbili za uchochoro. Mwenye kupima ukuta peke yake atakosea pande zote mbili. Lakini dawa anayoipendekeza Mkemia inadhani kwamba kila mgusano una bei yake ya kudumu, bei ambayo mtu anaweza kuikokotoa na kuijumlisha na nyingine. Bei hiyo hubadilika pamoja na umbo zima. Max Perutz alieleza mwaka 1970 kwamba himoglobini isiyo na oksijeni hushikiliwa na madaraja ya chumvi, mengine yakiwa kwenye ncha za minyororo, arginini ya 141 ya alfa na histidini ya 146 ya beta zikihusika. Oksijeni inapoingia, madaraja hayo huvunjika na nusu moja ya molekuli huzunguka dhidi ya nusu nyingine kwa takriban nyuzi 15. Kuuliza nishati ya daraja hilo bila kutaja molekuli iko katika hali gani ni kuuliza bei bila kutaja soko.

Ushahidi ulio mzito zaidi dhidi ya orodha, iwe ya umbali au ya nishati inayokadiriwa kwa macho, ulitoka nje ya himoglobini. Mwaka 1995 Clackson na Wells walichunguza mahali ambapo homoni ya ukuaji ya binadamu hukutana na kipokezi chake. Kila upande ulikuwa na asidi amino zipatazo 30 zinazogusana na upande wa pili. Walizibadilisha moja moja kuwa alanini, yaani walilikata tawi la kila moja likabaki kisiki, kisha wakapima mshikamano umepungua kiasi gani. Kwenye kipokezi, triptofani mbili zikiongoza eneo dogo la katikati zilibeba zaidi ya robo tatu ya nishati ya kushikana. Nyingi za zilizobaki, zenye nukta safi kabisa kwenye ramani, ziliondolewa bila mshikamano kutikisika sana. Hapo ndipo ninapomdai Mkemia: hesabu yake ya nishati nani ataisahihisha, kama si jaribio la kuondoa? Hesabu ni nadharia nzuri, na kuondoa ndiko kunakohukumu.

Kwa himoglobini, majaribio hayo ya kuondoa na kuongeza yamefanywa na damu za watu. Nafasi ileile ya 6 inapochukuliwa na lisini badala ya valini tunapata himoglobini C, iliyoenea Afrika Magharibi. Chaji imegeuka kabisa, kuliko hata kwenye valini, lakini nyuzi za selimundu hazijengeki. Kwa hiyo si kuondoka kwa asidi glutamiki kunakoleta nyuzi, ni kuingia kwa tawi linalokaa kwenye kibonyeo. Nafasi ya 121 ya beta iko mbali na nafasi ya 6, na kwa ramani ya molekuli moja hazihusiani. Lakini mtu aliyerithi himoglobini ya selimundu kwa mzazi mmoja na himoglobini D ya Punjab, au ile ya O-Arab, kwa mzazi mwingine huugua vikali, na zote mbili hubadilisha nafasi hiyo ya 121, ambayo katika nyuzi hugusana na molekuli inayofuata kwenye safu. Ukaribu ulikuwa umeipa nafasi hiyo nukta ya kawaida tu. Wagonjwa ndio walioipa uzito.

Mkemia hakuridhika: "Basi kubali walau kwamba mgusano ukishapata uzito wake kwa jaribio, tumemaliza." Hatujamaliza. William Eaton na James Hofrichter walionyesha kwamba muda unaopita kabla ya nyuzi kuanza kujengeka hutegemea ukolevu wa himoglobini kwa kipeo kikubwa ajabu, kinachofikia takriban 30. Kwa kipeo hicho, kupunguza ukolevu kwa asilimia 10 hurefusha muda huo zaidi ya mara 20, na chembe inaweza kufika kwenye mapafu na kupata oksijeni kabla nyuzi hazijaota. Valini haijabadilika, kibonyeo hakijabadilika, na nishati ya mgusano ni ileile; kilichobadilika ni msongamano wa majirani. Ndiyo maana hoja yangu ilitaja mazingira tangu mwanzo.

Tabibu: "Nimewasikiliza. Mimi nawaona wazazi walioleta mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, na Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wa namna hiyo huzaliwa kwa wingi. Dawa ninayoitegemea ni hydroxyurea. Haikubuniwa kwa kuangalia kibonyeo wala valini. Utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache, malaria kidogo, wanaongezewa damu mara chache na vifo vinapungua. Ramani zenu zilikuwa wapi?"

Tabibu ana haki ya kuuliza, na jibu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba hydroxyurea huongeza himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo, na pia hufanya chembe nyekundu kuwa kubwa zaidi, jambo linalopunguza ukolevu tuliotoka kuutaja. Himoglobini ya kichanga inazuiaje nyuzi? Mnyororo wake wa gama una glutamini kwenye nafasi ya 87, pale ambapo beta ina threonini, mlangoni kabisa mwa kibonyeo cha 85 na 88. Tawi la glutamini ni refu zaidi na huuharibu mgusano. Uchunguzi wa migusano haukuileta dawa, lakini ulieleza kwa nini inafanya kazi, na maelezo hayo yalizaa kitu: tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa jina la Lyfgenia humpa mgonjwa mnyororo wa beta wenye glutamini hiyohiyo katika nafasi ya 87. Asidi amino moja imehamishwa kutoka mnyororo wa gama kwenda wa beta, kwa sababu mtu alijua mgusano gani wa kuuvunja. Huko mashariki ya Saudi Arabia, ambako wagonjwa wengi wana himoglobini ya kichanga kwa kiwango kikubwa, selimundu imejulikana kwa muda mrefu kuwa na makali madogo. Badiliko ni lile la Ingram. Kilichoongezeka ni himoglobini inayokataa kugusana.

Upande wa pili unamuunga mkono Tabibu, na unaunga mkono hoja yangu pia. Dawa ya voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Hujishika mwanzoni mwa mnyororo wa alfa, ikaibakisha himoglobini katika hali ya kubeba oksijeni, hali ambayo kibonyeo hakijajiandaa kupokea valini. Ilipandisha kiwango cha himoglobini kwa wagonjwa. Hata hivyo Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu kuashiria kwamba madhara, vikiwemo vifo, huenda yalizidi faida. Fikra ya kimolekuli ilikuwa safi, na mwili ukatoa hukumu nyingine. Kuondoa mgusano ni mtihani wa mgusano. Kuuondoa ndani ya mtu ni mtihani mpana zaidi, wenye majirani wengi kuliko wanaoingia kwenye fuwele. Na hukumu hiyo hutegemea pia mtu na mahali: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba waliorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Valini ileile ni maafa kwa mtoto mwenye jeni mbili na ni ngao kwa ndugu yake mwenye moja. Hakuna kipimo cha angstromu wala cha nishati kinachoweza kutangaza lolote kati ya hayo mawili kabla ya kujua mtu huyo amerithi nini na anaishi wapi.

Mkokotoaji alirudi na pingamizi la mwisho, nalo ni la vitendo: "Jozi ni maelfu, protini ni mamilioni, hifadhi ya AlphaFold ilivuka maumbo milioni 200 mwaka 2022. Huwezi kuondoa kila mgusano maabara. Bila ramani utaanzia wapi?" Nitaanzia kwenye ramani, na hilo sijawahi kulikataa. Ninachokataa ni kuishia hapo. Ripoti ya migusano iseme kikomo gani kimetumika na kwa nini. Iseme umbo limepimwa katika hali gani, lenye oksijeni au lisilo nayo, na molekuli za jirani zimehesabiwa au zimetupwa. Na kila nukta inayoitwa muhimu itajiwe jaribio ambalo likifanywa linaweza kuipinga. Nitaacha msimamo huu mtu atakaponionyesha programu iliyolishwa umbo la himoglobini ya kawaida na mfuatano wa selimundu, bila kuambiwa habari ya wagonjwa, ikaitaja yenyewe valini ya 6 kuwa hatari na ile ya pili katika molekuli hiyohiyo kuwa haina kazi kwenye jozi ya safu. Siku hiyo ukaribu utakuwa umejifunza kupima uzito, na Mkokotoaji atastahili kuufunga mjadala yeye.